Mafuta yanayobaki kwenye tenki baada ya kushusha: ukamue, ubebe ileile, au uoshe?

Gari ikishamaliza kushusha sheli na hosi ikafunguliwa, watu wengi wanaandika tenki ni tupu na safari imeisha. Si tupu hiyo. Kuna lita zimelala kwenye mabonde ya chini, kuna zingine ziko kwenye paipu kati ya futivalvu (valvu ya chini ya tenki) na mdomo wa kushushia, kuna yaliyoshika ukutani yanayoteremka taratibu, afu juu ya yote kuna mvuke. Hapo ndo mwenye gari, dereva na mwenye sheli wanatakiwa waamue kitu, na kila uamuzi una gharama zake.

Huu ulinganisho nimeuandika kwa ajili ya wenye gari moja, mbili, tatu, wanaopakia Kurasini au Kigamboni kwenda mikoani na Tunduma, au wenzetu Kenya wanaopakia Nakuru na Eldoret kwenda Malaba. Makampuni makubwa wana watu wao wa usalama na taratibu zimeandikwa, huyu mdogo mara nyingi anategemea alichoambiwa na dereva wa zamani. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: kamua yote palepale kwa mteja, yaani toa mpaka tone la mwisho, na kama uwezo upo kila chemba (vyumba vilivyogawanywa ndani ya tenki) ikae na bidhaa yake. Hizo njia nyingine zina mahali pake lakini zote zinakuja baada ya hapo.

Kwanza tusichanganye mabaki na upungufu

Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Petroli inasinyaa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua, dizeli inakuwa kama 0.08. Chukulia umepakia lita 36,000 za petroli Dar zikiwa na nyuzi 30, ukashusha Makambako alfajiri mafuta yakiwa nyuzi 22, hapo zimesinyaa kama lita 345. Hazijaibiwa na wala hazijabaki kwenye tenki, mafuta ni yaleyale ila yamejikunja tu. Sasa mwenye sheli akikuta pungufu anadai dereva kaacha mafuta ndani, wanaanza kupanda juu na tochi ya simu kuchungulia kwenye mfuniko, kitu ambacho naomba sana kisifanyike, tochi ya kawaida na simu havitakiwi kabisa kwenye mdomo wa chemba ya petroli. Pima joto wakati wa kupakia, pima wakati wa kushusha, andika zote mbili kwenye karatasi, afu ndo mjadili kilichobaki.

Mabaki ya kweli kwa tenki zuri lililokamuliwa vizuri ni machache sana. Kwa tenki lililopinda, au lililochomelewa chomelewa likawa na bonde, au gari likipaki vibaya, unaweza ukaacha ndoo nzima kwa kila chemba bila kujua. Chukulia chemba sita, kila moja lita 10, hizo ni 60. Lita ikiwa shilingi 3,000 hiyo ni 180,000 kwa safari moja, na kuna mtu alishailipia.

Kukamua palepale kwa mteja

Hii ndo naipa namba moja na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu watu wanaidharau, wanaona ni kupoteza muda.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya kushusha. Gari lipaki mahali ambapo mafuta yanakimbilia kwenye tundu la kutokea, na hili kila trela lina lake, mengine matundu yako mwisho wa chemba kwa nyuma, mengine yako katikati, kwa hiyo dereva ajue trela lake, asifuate tu desturi ya kupandisha kichwa kwenye mwinuko. Sheli nyingi za mikoani uwanja wake umeinama upande mmoja, hapo chemba za upande wa juu zinaisha vizuri na zingine zinabaki na mafuta. Ukiona hivo sogeza gari likae upande mwingine umalizie.

Jambo la pili ni hewa. Chemba ikiwa imefungwa juu na venti imeziba, mafuta yanatoka kwa kusitasita mwisho yanasimama, dereva anadhani yameisha kumbe yamezuiliwa tu na ukosefu wa hewa. Shusha chemba moja moja, usifungue zote kwa pamoja kupitia manifoldi moja (paipu inayounganisha chemba zote) maana yanaweza kutoka chemba hii yakarudi chemba ile, na kama bidhaa ni tofauti umeshaharibu mzigo.

Halafu subiri. Petroli ni nyepesi, dakika chache inakuwa imeteremka. Dizeli ni nzito kidogo, inashika ukutani, inataka muda zaidi, na asubuhi ya baridi huko Njombe au Mbeya inachelewa zaidi. Mtu akifunga hosi pale mkondo mkubwa unapokatika anakuwa ameondoka na mafuta ya mteja. Baada ya kusubiri, inua hosi kuanzia upande wa gari ili ya ndani yaingie kwenye tenki la sheli, mwisho kinga matone ya paipu kwa ndoo ya chuma iliyounganishwa na waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini). Sio ndoo ya plastiki jamani. Plastiki inatunza umeme tuli na petroli haihitaji cheche kubwa.

Mwisho mwenye sheli ahakikishe mwenyewe kwamba kila mdomo hautoi kitu, asaini kwamba chemba zote zimekauka. Hiyo saini inamlinda dereva kuliko kitu kingine chochote, maana hata kesho yake wakisema kuna pungufu, mabaki sio sababu tena.

Faida: mteja anapata lita zake, gari linatoka jepesi, maswali ya safari inayofuata yanapungua nusu. Hasara ni muda, na mara nyingi kuna foleni ya tenki lingine linasubiri nyuma yako. Mi naona ni hasara ndogo sana ukilinganisha na zinazofuata huko chini.

Kubeba ileile safari zote

Chemba iliyobeba petroli inabeba petroli, ya dizeli inabeba dizeli. Mabaki yakiwepo hayaharibu kitu kwa upande wa ubora, na huna haja ya kuosha. Kwa njia ya Dar kwenda Tunduma, Kasumbalesa au Rusumo hii ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria, kwa sababu tenki la mafuta linarudi tupu kwa vyovyote vile, hupotezi mzigo wa kurudia. Unachopoteza ni uhuru pale depo unapopakilia, mteja akitaka dizeli tupu na wewe una chemba mbili za petroli, basi hizo mbili zinasafiri bila kitu au unakosa oda.

Kuna shimo moja hapa ambalo watu wanasahau. Ileile ya transiti, yaani inayopita kwenda nchi nyingine, na ileile ya ndani sio kitu kimoja. Tanzania mafuta ya soko la ndani yanawekwa vinasaba (kemikali ya alama ya kuyatambua), ya kwenda nje hayawekwi hivo vya ndani. Gari likitoka kushusha nje ya nchi na lita za kutosha zimelala chini, afu likapakia ya ndani, vinasaba vinapunguzwa nguvu, na anayepimwa ni mwenye sheli, yule ambaye hana habari kabisa gari lako lilitoka wapi. Matone hayaleti shida hiyo, ila chemba iliyosahaulika na lita mia mbili tatu ni habari nyingine. Kwa hiyo hata ukiwa wa bidhaa ileile, kukamua hakuepukiki.

Kubadilisha bidhaa bila kuosha

Hii ndo inayofanyika sana barabarani kuliko zote, na watu wanaichukulia kama kitu kimoja wakati ni vitu viwili tofauti kabisa kutegemea unatoka wapi unakwenda wapi.

Ulibeba dizeli, sasa unapakia petroli. Shida kubwa hapa ni ubora. Dizeli ikiingia kwenye petroli okteni (kipimo cha ubora wa petroli kuungua) inashuka, mafuta hayaungui vizuri, injini inakosa nguvu na inatoa moshi. Lita chache ndani ya chemba ya 6,000 zinapotea, lakini lita 60 ni asilimia moja na hapo sitaki kuwa mteja wako. Ukikamua vizuri ukahakikisha paipu na manifoldi vimekauka, inakubalika na madepo mengi yanaruhusu.

Ulibeba petroli, sasa unapakia dizeli. Hapa naomba usome taratibu maana ndipo watu wanapoungua. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Chemba iliyotoka kushusha petroli mara nyingi mvuke umezidi hapo, umejaa mno mpaka hewa haitoshi kuwaka. Ukianza kumimina dizeli, dizeli inaunyonya ule mvuke, kiwango kinashuka taratibu kinaingia katikati kabisa ya eneo la kulipuka. Na wakati huohuo dizeli yenyewe ikikimbia kwenye paipu na filta inazalisha umeme tuli. Dizeli ya siku hizi Afrika Mashariki ni ya salfa ndogo, kiwango cha 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) kilianza mwaka 2015, ni nzuri kwa mapafu yetu lakini dizeli ya aina hii inapitisha umeme kidogo sana, ule umeme tuli unakaa juu ya mafuta unatafuta pa kurukia. Una mvuke, una hewa, una cheche, vyote vitatu ndani ya chemba moja.

Ndo maana depo zinazojielewa zinataka mwendo wa kuanzia usizidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa kuingizia ufunikwe na mafuta, kwa paipu ya inchi nne hiyo ni kama lita 480 kwa dakika, na waya wa athi uwe umeshashikwa kabla hata hosi haijagusa gari. Dereva anayemwambia mtu wa depo aongeze spidi kwa sababu foleni ni ndefu anaomba kitu kibaya sana.

Na ubora nao haujapona. Dizeli kwa kiwango cha Ulaya haitakiwi kutoa mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 55, petroli inautoa hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli kidogo tu ndani ya dizeli inazishusha hizo nyuzi 55 vibaya mno, na hapo mwenye kiwanda au mgodi aliyeweka dizeli kwenye tenki karibu na jenereta anaamini ana mafuta ya kutulia kumbe ana kitu kingine.

Mafuta ya taa nayo yana stori yake. Yana historia ya kuchanganywa kwa makusudi, ndo maana Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011 na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili bei isitofautiane sana na dizeli na kuchakachua kusilipe. Kwa hiyo gari likikutwa na masalia ya mafuta ya taa kwenye chemba ya dizeli, hakuna mkaguzi atakayekuamini kwamba ni mabaki tu ya safari iliyopita.

Kuosha

Kuosha ni ghali, kunachukua siku, na kuna maji machafu yenye mafuta ambayo lazima yaende kwenye mtego wa mafuta na kwa mtu mwenye kibali cha kuyapokea. Kuyamwaga mtaroni au kwenye kichaka nyuma ya gereji ni kuwapelekea watu sumu kwenye visima vyao. Kwa petroli na dizeli za kawaida sioni haja ya kuosha kila safari, na tena kuosha kukiacha maji ndani umeongeza tatizo badala ya kulipunguza, maana maji yanakaa chini kabisa palepale penye tundu la kutokea, kwa hiyo yanakuwa ya kwanza kuingia kwenye tenki la mteja.

Ila kuna mahali hakuna mjadala. Mafuta ya ndege ni mojawapo, kule wanapima vitu vidogo mno, kwa mfano masalia ya bayodizeli hayatakiwi kuzidi miligramu 50 kwa kilo, hicho ni kiasi ambacho ukuta wa tenki peke yake unaweza kukiacha. Lami ya moto nayo, ukiimimina kwenye tenki lenye maji, yale maji yanageuka mvuke ghafla na kujaa mara 1,600 hivi ya ukubwa wake, lami inafurika juu inamwagikia watu.

Chakula kabisa kabisa tenki lake liwe lake tangu linatoka kiwandani mpaka linakufa. Julai 2024 gazeti la Beijing News lilifichua huko China kwamba matenki yaliyobeba mafuta yanayotengenezwa kwa makaa ya mawe yalikuwa yanapakia mafuta ya kula bila kuoshwa, wananchi walikasirika sana na serikali ikalazimika kuchunguza. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuokoa gharama ya kuosha. Hapa kwetu tunabeba sana mafuta ya kula kutoka bandarini, na sitamwelewa mtu yeyote atakayeniambia tenki lililowahi kubeba dizeli linaweza kuoshwa likabeba chakula cha watoto.

Sehemu ya mwisho ya lazima ni matengenezo. Tenki linalokwenda kuchomelewa lazima lioshwe, lipulizwe hewa, lipimwe na kipima gesi mpaka kionyeshe sifuri, na lipimwe tena kabla ya kila kipindi cha kazi. Hesabu yake ni hii: lita moja ya petroli ikigeuka mvuke inakuwa lita 200 hivi. Chemba ya lita 7,000 inahitaji kama lita 98 tu za mvuke kufika asilimia 1.4. Yaani nusu lita ya petroli, chupa ndogo ya maji, inatosha kuifanya chemba nzima iwe bomu. Tenki lililojaa halina nafasi ya huo mvuke, tupu ndo lenye nafasi. Kwa sheria za usafirishaji za kimataifa tenki tupu ambalo halijaoshwa linaendelea kubeba vibao vilevile vya hatari, 1203 kwa petroli na 1202 kwa dizeli. Na mtu asiingie ndani kulifuta kwa tambara bila kipimo na bila mwenzake nje, mvuke unamwangusha kabla hajajua.

Kumwachia dereva

Naiweka hapa kwa sababu ni njia inayotumika, hata kama hakuna anayeiandika. Mwenye gari analipa posho ndogo, anajua dereva na utingo watakamua wenyewe kidogo huko mbele kwenye vidumu, kila mtu ananyamaza. Mi naipinga yote. Kwanza ni mali ya mteja. Pili, mabaki yakishakuwa na bei, kuna mtu atahakikisha yanabaki, futivalvu itafungwa mapema, gari litapaki vibaya kwa makusudi. Tatu ni uhai. Agosti 10, 2019 pale Msamvu Morogoro tulipoteza watu zaidi ya 100 waliokuwa wamezunguka tenki lililopinduka, na Kenya walipoteza zaidi ya 100 Sachangwan Januari 2009. Zile zilikuwa ajali, sio mabaki, lakini hatari ni ileile, petroli wazi, vidumu, na watu karibu. Kidumu cha lita 20 kikikingwa chini ya trela kwenye maegesho yenye mama lishe na majiko ya mkaa hakihitaji tenki zima kuua watu.

Wa kulaumiwa wa kwanza hapo sio dereva. Ongeza posho, weka malipo ya wazi kwa kila safari ambayo mteja amesaini chemba zote kavu. Hizo 180,000 za mfano wangu huko juu, robo yake tu ikienda kwa dereva na utingo kihalali kila mtu analala vizuri.

Sasa uchague ipi

Kama una gari moja la chemba nyingi na wateja wako ni sheli za mikoani, kamua na tenga chemba, usifikirie kuosha mpaka matengenezo. Kama unaishi kwa oda za kubahatisha, leo petroli kesho dizeli, kamua, weka rekodi ya mzigo wa mwisho wa kila chemba, na mwambie mtu wa depo ukweli kabla hajafungua valvu, asipouliza mwambie hivohivo. Kama unabeba transiti na ndani kwa gari hilohilo, kavu kabisa au usipakie. Ukipata mkataba wa mafuta ya ndege usiuchukue na trela la kila kitu. Mafuta mazito ya mitambo yanabaki mengi kuliko yote kwa sababu yakipoa yanaganda ukutani, hilo trela lifanye kazi hiyo peke yake na lishushwe likiwa bado na joto lake.

Kama ndo unanunua trela, angalia umbo kabla ya rangi. Tenki lenye mteremko kuelekea nyuma, au lililoshuka katikati, linajikamua lenyewe, lililo sambamba kama bomba linategemea uwanja wa mteja. La alumini halina kutu ya kushikilia mafuta, la chuma ni rahisi kuchomelea ila kila kiraka kibaya ni bonde jipya. Uliza karatasi za vipimo vya Wakala wa Vipimo, na ukishafanya matengenezo ya kubadilisha umbo lirudishe kupimwa upya, maana dipu ya zamani (fimbo ya kupimia kina cha mafuta) sio ya tenki hilo tena. La mtumba ambalo limeshaoshwa na kupimwa gesi, omba lijaribiwe na maji kabla ya kulipa: wajaze chemba moja kidogo, wafungue, wasubiri robo saa kwenye uwanja ulionyooka, afu mpande mchungulie na tochi ile ya mazingira ya gesi. Likibaki dimbwi unaloweza kuliona, hesabu lita zake kwa kila safari utakazofanya mwaka huu na uziondoe kwenye bei anayotaka muuzaji.